Waifai inagoma kila jioni, na mafundi wangu wawili hawapatani

Shikamoo Mzee Waya,

Mimi ni mama wa miaka 44, nina lodge yenye mgahawa hapa Bukoba. Jengo la mbele lina mapokezi, ofisi, jiko, mgahawa, na vyumba sita ghorofani. Jengo la nyuma lina vyumba vinane. Katikati ni ua wa kama mita 40, ndipo magari ya wageni yanapolala.

Tunalipia intaneti ya faiba yenye kasi ya 20 Mbps. Kampuni ilituletea boksi lake moja jeupe, limekaa mapokezi. Mengine yote alitufungia shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mwaka juzi, wala hakutaka pesa ya ufundi. Aliweka suichi mbili ndogo za plastiki za poti 8, moja mbele na moja nyuma, akachimbia waya wa mtandao kuvuka ua, akafunga waifai mbili kila jengo na kamera 8. Kila kamera ina adapta yake ya umeme, na adapta hizo zinaungua ovyo.

Shida ni hii. Asubuhi kila kitu kinakwenda vizuri. Ikifika saa kumi au kumi na moja jioni, mgeni mpya akiingia anaambiwa na simu yake "inapata anwani ya IP", inazunguka hapo mpaka anakata tamaa. Printa ya jikoni inayotoa oda, ambayo huwa tunaizima saa tisa baada ya chakula cha mchana na kuiwasha tena jioni, siku nyingine inakataa kabisa, na vijana wanakimbia na vikaratasi kama zamani. Cha ajabu, kompyuta yangu ya ofisini inaendelea na intaneti bila tatizo. Tukizima boksi na kuliwasha, kila kitu kinapona mpaka kesho. Siku za kawaida tunalisha watu kama 60 mchana, Jumamosi wanafika 90, na Jumamosi ndiyo siku ya aibu kuliko zote.

Halafu mwezi Machi radi ilipiga karibu na sisi. Ikaondoka na suichi ya nyuma, kamera mbili, na poti moja ya boksi la kampuni.

Nikamwita fundi kijana, anasifiwa sana mjini. Amenipa nukuu ya shilingi milioni 4.6. Ndani yake kuna suichi ya Cisco ya poti 48, iliyotumika, kutoka Dubai, pamoja na raki yake. Anasema "mtandao wako umezidiwa, unahitaji mashine ya kampuni kubwa." Shemeji aliposikia akachukia. Yeye anasema ninunue suichi nyingine ya elfu thelathini na tano, na ruta ya laini ya simu ya 4G niichomeke pale pale kwenye suichi isaidie faiba inapolemewa. Tangu siku hiyo wakikutana hawasalimiani vizuri, na mimi niko katikati. Pesa ya kuchezea sina, na ugomvi wa ukweni siutaki.

Nimwamini nani? Na je, naweza kuziona kamera nikiwa nimesafiri kwenda Mwanza?

Mama wa Lodge, Bukoba

*

Marahaba mama, na pole na Jumamosi zako.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nikatabasamu, kwa sababu jibu umeliandika mwenyewe katikati ya malalamiko. Umesema kompyuta ya ofisini inaendelea na intaneti wakati mgeni mpya anakwama. Kwa hiyo faiba yako ni nzima jioni hiyo, na suichi ya mbele ni nzima. Aliyekwama ni anayeingia sasa hivi. Waliokwisha kuingia tangu asubuhi wanaendelea.

Nikueleze kwa kazi yako mwenyewe. Ruta, na kwako ni lile boksi la kampuni, ni mapokezi ya mtandao. Kila simu, kompyuta, kamera au printa ikifika, mapokezi hutoa ufunguo, yaani anwani ya IP, na bila ufunguo huo huwezi kwenda popote hata kama umesimama ndani ya lodge. Suichi ni korido tu. Kazi yake ni kuwapitisha watu kutoka mlango mmoja hadi mwingine, haigawi funguo wala haitoki nje ya geti. Sasa yale maboksi ya kampuni mara nyingi huja yamepangwa kama ya nyumba ya mtu mwenye watoto watatu, funguo 100 au zaidi kidogo ubaoni, na anayechukua ufunguo anahesabiwa kuwa nao kwa saa 24 hata akiondoka. Mteja amekula samaki na ndizi saa saba, amelipa, yuko nyumbani kwake Kashai amelala, lakini kwenye daftari la boksi lako bado ni mpangaji mpaka kesho saa saba.

Piga hesabu na mimi. Vifaa vyako mwenyewe, kamera 8, kompyuta tatu, printa mbili, kinasa picha cha kamera na waifai nne, ni 18. Wafanyakazi tuseme 11. Wageni wa vyumbani, simu na kompyuta zao, tuseme 30. Hapo funguo 59 zimeshaondoka kabla hujapika chakula cha mchana. Zimebaki 41. Jumamosi, nusu tu ya wale 90 wakiomba nenosiri, ubao mtupu. Mgeni wa saa kumi na moja anasimama mapokezi, na printa ya jikoni uliyoizima saa tisa nayo, kama boksi limezimwa na daftari likafutika wakati printa imelala, inaweza kurudi ikakuta mgeni mwingine amepewa nafasi yake. Mkizima boksi na kuliwasha, daftari linafutika, ndiyo maana kila kitu "kinapona."

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanyeni hivi wiki hii. Shemeji aingie kwenye boksi kupitia kompyuta, mara nyingi ni 192.168.1.1 na nenosiri limebandikwa chini ya boksi lenyewe, atafute ukurasa wa DHCP, yaani wa kugawa anwani. Aongeze idadi, namba ya mwisho ya anwani ianzie 50 mpaka 250, hizo ni 201. Muda wa kukaa na ufunguo aushushe kutoka saa 24 hadi saa mbili. Printa zote mbili, kinasa picha na kamera apewe kila mmoja anwani yake ya kudumu chini ya 50, ambako boksi halimgawii mtu mwingine. Boksi likimkatalia, maana mengine kampuni huyafunga, wapigieni simu huduma kwa wateja wawabadilishie wao. Ni kazi ya nusu saa. Ikiwa Jumamosi ijayo imepita salama, utakuwa umeshaokoa sehemu kubwa ya milioni zile nne na nusu.

Sisemi usinunue kitu. Boksi la kampuni si la kuendeshea lodge, na radi ile imekwisha kukupa onyo. Ninachokataa ni kununua korido yenye milango 48 kwa sababu ubao wa funguo umekwisha.

Tuimalize hiyo suichi ya Dubai. Hesabu waya zako za jengo la mbele. Kompyuta tatu, printa mbili, kinasa picha, kamera nne, waifai mbili, na ruta. Ni 13. Ongeza robo ya dharura, unafika 16. Nyuma ni kamera nne na waifai mbili, jumla sita, suichi ya poti 8 inatosha na inabakiza. Poti 48 utazijaza na nini, mama? Mashine hizo zimeundwa kukaa kwenye chumba chenye kiyoyozi na mlango uliofungwa. Feni zake zikianza kuunguruma pale mapokezi, wageni watadhani umewasha jenereta. Na inakula umeme wa Luku usiku kucha. Tuseme inakula wati 80, usiku na mchana, hizo ni karibu yuniti 58 kwa mwezi kwa ajili ya milango ambayo hakuna anayepita. Suichi ndogo isiyo na feni haifiki popote karibu na hapo.

Vifaa vilivyotumika si dhambi, mimi mwenyewe nina vitatu. Ila kwa jina kubwa kama Cisco kuna hatari ya pili, ya vile visivyokuwa vyake kabisa. Mwaka 2024 mahakama ya Marekani ilimhukumu mfanyabiashara mmoja wa Florida kifungo cha miaka sita na nusu kwa kuuza vifaa bandia vya Cisco vilivyotoka China, na baadhi vilikuwa vimefika mpaka hospitalini na jeshini. Ikiwa jeshi la Marekani liliuziwa, wewe na mimi tukikagua kasha kwa macho tutajua nini? Kama fundi wako hawezi kukupa risiti, namba ya kifaa na dhamana ya miezi kadhaa kwa maandishi, mshukuru kwa muda wake.

Sasa cha kununua, kwa mpangilio wa umuhimu ninaouona mimi.

Kwanza kabisa, kabla ya ruta na kabla ya suichi, ni ule waya wa uani. Ndio unaonikosesha usingizi. Waya wa shaba uliochimbiwa mita 40 kati ya majengo mawili ni barabara ya lami ya radi. Radi haihitaji kuupiga waya wenyewe. Ikipiga ardhi jirani, umeme wa ardhini upande mmoja unapanda kuliko upande mwingine, na tofauti ile inatafuta njia ya kusawazika. Njia ya karibu ni huo waya, kupitia suichi ya nyuma, mpaka poti ya boksi lako mapokezi. Barua yako imeorodhesha maiti kwa mpangilio huo huo, suichi ya nyuma, kamera, poti ya boksi. Na ninyi mnakaa kando ya Ziwa Victoria, eneo ambalo kwa radi ni miongoni mwa yale yanayopigwa sana duniani. Itarudi.

Dawa ni faiba uani, yaani kebo ya uzi wa kioo. Kioo hakipitishi umeme. Unavuta kebo fupi ya faiba kati ya majengo, na kila mwisho unachomeka kwenye suichi yenye tundu la faiba, lile linaloitwa SFP, au kwenye kigeuzi kidogo kinachobadili faiba kuwa waya wa kawaida. Vigeuzi hivyo vingine huuzwa kwa jozi, kimoja A na kingine B, ukinunua A mbili havitaongea, kwa hiyo fungueni kasha dukani. Na hapa kuna mtego ambao hata mafundi wazuri huukanyaga. Kebo nyingi za faiba za kuvutia majumbani zina uzi wa chuma pembeni wa kuzibeba kwenye nguzo. Ukiingiza chuma hicho mpaka ndani ya majengo yote mawili umeirudisha barabara ya radi uliyokuwa unaiziba. Ombeni kebo isiyo na chuma, au uzi ule ukatwe nje ya ukuta kila upande. Waya wa zamani msiuache umechomekwa "kwa akiba." Ung'oeni pande zote mbili.

Mimi somo hili nililipia. Miaka mingi iliyopita nilivuta waya wa shaba kati ya shule na nyumba ya mwalimu mkuu, nikajisifu jinsi nilivyouficha vizuri. Masika ya kwanza nikaitwa kuangalia kompyuta 11 zilizokufa kwa mpigo mmoja. Mwalimu mkuu hakunigombeza, alininunulia soda tu. Hiyo soda bado inanikaba kooni.

Pili ni ruta. Hapa nunua kitu cha maana, ingawa maana si ukubwa. Unataka ruta inayojitegemea, isiyotegemewa kwa waifai, yenye uwezo wa kufanya mambo manne. Igawe anwani kwa wingi unaotaka. Iwatenganishe wageni na vifaa vyako, yaani kile mafundi wanachokiita VLAN, ili kijana mwenye simu chumba namba 9 asiweze kuchungulia kamera zako wala kompyuta ya mauzo. Leo hii, kama nimeelewa maelezo yako, wote mko kwenye chumba kimoja, na hilo mimi lingenitisha kuliko waifai kugoma. Impimie kila mgeni kasi yake, 2 au 3 Mbps zinamtosha kutazama video kwenye simu, ili mmoja anayeshusha filamu asimeze 20 zote. Na iwe na milango miwili ya intaneti, faiba ikikatika ihamie laini ya pili yenyewe.

Hapo kwenye mlango wa pili ndipo wazo la shemeji yako la 4G linapoingia, na ni wazo zuri. Kosa ni mahali pa kuchomeka. Akiichomeka kwenye suichi kama alivyosema, utakuwa na mapokezi mawili yanayogawa funguo kwenye korido moja bila kujuana. Simu moja inapewa ufunguo wa huku, nyingine wa kule, printa inapotea, na wewe utaniandikia barua ndefu kuliko hii. Iingie kwenye mlango wa pili wa ruta, sio popote pengine.

Aina zipo. Ruta za MikroTik, za kampuni ya Latvia, zinapendwa na mafundi wengi kwa sababu kwa bei ya kawaida zinafanya mambo ya mashine ghali. Ile ndogo inayoitwa hEX ina poti tano za gigabiti, yaani Mbps 1000 kila moja, haina waifai, haina feni, na lodge yako haiwezi kuichosha. Ila ni kama pikipiki isiyo na gia otomatiki, inamtaka anayeijua. Mwaka 2018 tundu moja la usalama kwenye programu yao liliwaingiza wezi kwenye ruta kwa maelfu duniani, zikawa zinapenyeza kwenye kurasa za intaneti msimbo wa kuchimbisha sarafu za kidijitali kompyuta za watumiaji, huku wenyewe wakilalamikia intaneti nzito, na nyingi zilikuwa ni zile ambazo fundi alizifunga akaondoka, hakuna aliyezisasisha tena wala kuufunga mlango wa kuingilia kutoka nje. Ukipenda kitu cha kubofya bofya tu kwenye ukurasa wenye picha, familia ya Omada ya TP-Link inakupa ruta, suichi na waifai zinazosimamiwa kutoka sehemu moja. Mimi nikiulizwa ipi bora, huuliza nami: fundi aliye karibu yako anaijua ipi? Ruta nzuri ambayo mtu wa kuirekebisha anatoka Dar kwa ndege si nzuri kwako.

Tatu, suichi. Mbele chukua ya poti 16, nyuma ya poti 8, zote za gigabiti. Kwenye kasha iandikwe 10/100/1000, ukiona 10/100 peke yake rudisha. Intaneti yako ya 20 Mbps haihitaji gigabiti, hilo ni kweli. Kamera nazo hazili intaneti zikirekodi hapo hapo kwenye kinasa picha, usidanganywe kwamba zinakula bando. Lakini tofauti ya bei imekuwa ndogo, na kebo moja inayobeba jengo zima la nyuma inastahili nafasi. Ziwe pia zinazoelewa VLAN, la sivyo ule utengano wa wageni unaishia kwenye ruta. Suichi za plastiki alizoweka shemeji haziwezi. Hakukosea, alinunua zilizoendana na mfuko wa wakati ule.

Na ziwe zinazotoa umeme kwenye waya wa mtandao, yaani PoE, hapo utazika adapta zote nane. Kwa mbele hata ile ambayo poti 8 tu kati ya 16 zinatoa umeme inatosha. Lakini soma wati, mama, usisome idadi ya poti peke yake. Kuna namba ya jumla ambayo suichi nzima inaweza kutoa, nayo huandikwa kwa herufi ndogo. Kamera inayokula wati 4 mchana inaweza kula 7 usiku ikiwasha taa zake za kuonea gizani. Nyuma una kamera nne na waifai mbili, tuseme kila waifai wati 12. Mchana jumla ni 40, usiku ni 52. Fundi akikuletea suichi yenye jumla ya wati 45, ataifunga saa nane mchana, itawaka yote, utampa mkono na pesa yake. Saa moja jioni kamera moja au mbili zinazimika. Chukua ya wati 65 na kuendelea, hiyo ndiyo 52 na robo yake.

Kasha liandikwe 802.3af au 802.3at. Ya kwanza inatoa mpaka wati 15.4 kwa poti, ya pili mpaka 30, na zote mbili huuliza kwanza kama kifaa upande wa pili kinataka umeme. Kuna nyingine za bei poa zinazosukuma volti 24 bila kuuliza. Zina kazi zake, kuna antena zinazozitaka, lakini kwenye kamera za kawaida ama hazitawasha ama utasikia harufu.

Waya sasa, maana unaweza kununua suichi nzuri ukaiua kwa waya. Madukani, Kariakoo usiseme, kumejaa kebo za alumini zilizopakwa shaba juu. Zinafanana, ni nyepesi, na bei yake inapendeza. Kwaruza nyuzi moja kwa wembe. Ikiwa nyeupe ndani, irudishe. Alumini inapoteza umeme njiani na kupata joto, kwa hiyo kamera ya mwisho kabisa ndiyo itakayokuwa inazima na kuwaka usiku. Shaba tupu, Cat5e, inakutosha, Cat6 ukitaka. Isizidi mita 100 kutoka suichi mpaka kifaa.

Weka UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri cha kushikilia umeme, mapokezi kwa ajili ya ruta, suichi na boksi la faiba, na nyingine nyuma. Umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo, bora ife UPS.

Mwanza: ndiyo, utaziona. Tumia programu ya simu ya kinasa picha chenyewe, ile ya kusajili kwa kupiga picha msimbo uliobandikwa juu yake. Usikubali fundi akufungulie poti, yaani njia ya kuingilia kutoka nje, kwenye ruta ili "kuingia moja kwa moja," ni kuacha dirisha wazi barabarani. Badilisha nenosiri la kiwandani siku hiyo hiyo, na chagua picha ya ubora wa chini unapotazama ukiwa mbali. Picha kamili ya kamera moja inaweza kutaka 4 Mbps, na kamera nane kwa pamoja zitataka 32 za kupanda juu wakati laini yako yote ni 20.

Nimekwepa la shemeji mpaka sasa, ila najua ndilo lililokuandikisha. Usimwambie amekosea, maana kwa sehemu kubwa hajakosea. Amefunga mtandao wa bure ambao umekuingizia wageni miaka miwili. Mwite, mpikie, mwambie Mzee Waya anamwomba achore kwenye karatasi kila waya unakopita, kutoka wapi kwenda wapi, na aandike namba kwenye kila ncha. Hakuna mwingine anayejua hayo, na fundi yeyote akija bila mchoro huo atatumia siku mbili kutoboa dari zako. Kisha mpe kazi ya DHCP niliyoieleza juu. Jumamosi ikipita vizuri, sifa iwe yake, mbele ya mume wako. Yule kijana mwite baadaye kwa kazi ya faiba ya uani na kupanga ruta, kama anaweza kuandika nukuu mpya isiyo na raki. Akikasirika kwa kupunguziwa nukuu, utakuwa umejua ulichotaka kujua.

Na manenosiri yote, ya boksi, ruta, suichi, kinasa picha, yaandike kwenye daftari, likae kwenye droo yako yenye ufunguo. Si kwa kijana, si kwa shemeji. Nimeona lodge moja ikikaa wiki tatu na jina la waifai la mwenye nyumba wa zamani kwa sababu fundi aliyelifunga alihamia nje ya nchi na nenosiri lake kichwani.

Jambo dogo la mwisho. Kabati la suichi ya nyuma lifungwe wavu kwenye matundu ya hewa. Mijusi hupenda joto la suichi kuliko sisi tunavyopenda blanketi. Na zile kamera zinazotazama taa kubwa ya uani, zigeuze kidogo kabla ya Novemba. Senene wakianza kushuka usiku, hutaona gari wala mwizi, utaona senene tu.